Miaka 27 tu: Nguva mkubwa alivyomalizwa

Haya wadau, leo tuweke madesa pembeni kidogo, niwaletee historia fupi ambayo kwenye silabasi haimo. Inahusu mnyama mmoja wa baharini, ndugu wa huyu nguva wetu, ambaye binadamu tulimfahamu na kummaliza ndani ya miaka 27.

Novemba 1741 meli ya Vitus Bering, Mdenmark aliyekuwa akiwatumikia Warusi, ilikwama kwenye kisiwa kisicho na watu mashariki ya Kamchatka. Mwezi uliofuata Bering mwenyewe akafariki, na kisiwa kikaja kuitwa kwa jina lake. Ndani ya meli hiyo alikuwemo mwanasayansi Mjerumani, Georg Steller. Huyo bwana ndiye msomi pekee aliyewahi kumwona mnyama huyu akiwa hai na kumwandika: mrefu mita 7 na zaidi, hana meno, anakula mwani karibu na ufukwe, mpole ajabu. Steller anaeleza kwamba mmoja akinaswa, wenzake walikuja kumsaidia. Dume mmoja alirudi siku mbili mfululizo pale jike lake lilipokuwa limelala ufukweni, limekufa.

Mabaharia walikuwa na hali mbaya jamani. Majira ya joto ya 1742 walitengeneza kulabu kubwa la chuma lenye kamba ndefu, wakawa wanawavuta hawa wanyama nchi kavu. Nyama ile iliwapa nguvu wakati wakiunda chombo kipya kutokana na mabaki ya meli, wakaondoka Agosti. Mimi siwalaumu hao. Mtu mwenye njaa akila, utamwambia nini?

Tatizo lilikuja baada yao. Walirudi na ngozi za fisimaji wa baharini, ambazo Wachina walizinunua kwa bei kubwa. Basi wafanyabiashara wakaanza kumiminika. Misafara mingi iliyokwenda kutafuta ngozi ilipita Kisiwa cha Bering kujiwekea akiba ya nyama. Na uwindaji wenyewe ulikuwa wa hovyo: mnyama anachomwa mkuki, anakimbilia kina kirefu, anafia huko, hakuna anayemla. Kufikia 1754 kwenye kisiwa jirani cha Medny walikuwa wamekwisha. Wa mwisho anayejulikana aliuawa 1768.

Kusema haki, hawakuwa wengi tangu mwanzo. Utafiti wa vinasaba uliotoka 2021 unaonyesha walikuwa wakipungua muda mrefu kabla ya Bering kufika. Wengine wanasema kuwaua fisimaji nako kuliharibu chakula chao, maana fisimaji hula vile viumbe vya miiba vinavyomaliza mwani. Lakini wachache si sawa na kutokuwepo. Waliobaki walimalizwa na mikuki.

Sasa oneni jambo moja hapo. Biashara haikuwa ya mnyama huyu kabisa! Walichotaka ni ngozi za fisimaji, yeye alikuwa posho ya safari tu. Hakuna aliyekaa akapanga kummaliza, ndiyo maana hakuna aliyekuwa akihesabu waliobaki.

Nimeileta hii kwa sababu ya nguva wetu wa Rufiji, Mafia na Kilwa. Mwaka 2022 nguva wa Afrika Mashariki waliwekwa kwenye daraja la walio hatarini kabisa kutoweka, wakubwa wenye uwezo wa kuzaa hawafiki 250 pwani nzima. Adui yao mkubwa ni jarife, wavu unaotegwa kwa ajili ya papa na taa. Nguva ananasa, anashindwa kupanda juu kuvuta hewa, anakufa. Mvuvi hakumfuata yeye. Ni yale yale ya Bering.

Kwa hiyo walimu wenzangu watarajiwa, tukifika darasani tusiwaambie wanafunzi kwamba wanyama hutoweka kwa sababu ya watu katili tu. Tuwafundishe kuuliza: wavu huu umetegwa kwa ajili ya nani, na nani mwingine anapita hapo?

Karibuni tujadili. Wa Jiografia, nawasubiri!