Motokaa za Mbio Katika Barabara za Matope

Somo la historia kwa madarasa ya watu wazima

Natumaini mmekwisha kuketi, na kila mmoja ana kalamu na daftari lake. Mwalimu, tafadhali andika ubaoni neno moja tu: SAFARI. Haya, someni nyote pamoja: sa-fa-ri.

(Mwalimu angoje mpaka wote wasome.)

Vema. Neno hili twalijua sote. Mtu akienda Tabora au Mombasa, husema yumo safarini. Lakini neno hili limetembea mbali kuliko sisi wenyewe. Limefika Ulaya, Marekani na Japani, na huko mafundi wa magari wamelipa kazi nyingine. Fundi wa huko akisema anajenga gari la “safari”, mara nyingi ana maana ya motokaa ya zamani ya mbio iliyoinuliwa juu, ikafungwa bamba la chuma chini ya tumbo, ikapewa mipira minene na taa nyingi, ili ipite penye mawe, mchanga na matope. Je, neno letu lilifikaje huko? Hiyo ndiyo habari yetu ya leo.

Kwanza yafaa tujue motokaa ya mbio ni kitu gani. Ni motokaa nyepesi, aghalabu yenye milango miwili, na tumbo lake liko karibu sana na ardhi. Springi zake ni ngumu. Katika barabara ya lami hayo yote ni mema. Gari likiwa chini halipinduki upesi katika kona, na likiwa jepesi hukimbia. Lakini litoe kwenye lami, ulipeleke kwenye njia ya ng’ombe wakati wa masika. Tumbo litagonga mawe. Springi ngumu zitarusha magurudumu hewani. Bodi nyepesi itapata nyufa. Yaliyokuwa sifa yatageuka kuwa aibu.

Sasa turudi nyuma mpaka mwaka 1953. Mwaka ule Malkia Elizabeth wa Pili wa Uingereza alitawazwa. Wapenda magari wa Kenya, Uganda na Tanganyika wakafanya mashindano ya kuadhimisha siku hiyo, nayo yakapewa jina la kutawazwa huko pamoja na neno letu, safari. Mwaka 1960 yakaitwa Safari ya Afrika Mashariki. Kwa kawaida yalifanywa wakati wa Pasaka, mvua zinapoanza. Madereva walisafiri usiku na mchana, maelfu ya kilomita, kupita vumbi, mito iliyofurika na udongo mweusi unaonata kama gundi. Kila aliyechelewa kufika kituoni alihesabiwa pointi za adhabu, na mwenye adhabu chache ndiye aliyeshinda.

Njia ilikuwa kali mno. Mwaka 1963 magari 7 tu yalifika mwisho. Mwaka 1968 yakafika 7 tena. Mara zote mbili mshindi alikuwa Nick Nowicki wa Kenya, naye aliendesha Peugeot 404, gari la kawaida la kubebea watu wa nyumbani. Basi mtu angeweza kusema: “Njia hii si ya motokaa za mbio. Hizo ni za kuwafurahisha matajiri kwenye lami.”

Wajapani hawakukubali maneno hayo. Mwaka 1971 walileta motokaa iliyoitwa Datsun 240Z. Ilikuwa na viti viwili tu, pua ndefu, na injini ya silinda sita yenye lita 2.4. Mafundi waliiimarisha kwa ajili ya njia zetu, na Edgar Herrmann pamoja na mwenzake Hans Schüller wakashinda nayo. Wa pili alikuwa kijana mzaliwa wa Uganda, Shekhar Mehta, naye alikuwa katika 240Z nyingine. Mwaka 1973 Mehta akarudi na 240Z, safari hii akiwa na Lofty Drews. Mwisho wa mashindano alilingana kwa pointi na Harry Källström wa Sweden, aliyeendesha Datsun ya namna nyingine. Kwa kanuni ya kuwatenganisha waliolingana, Mehta akapewa ushindi. Tangu hapo hakuna aliyeweza kusema tena kwamba motokaa ya mbio haiwezi matope.

(Tupumzike kidogo. Mwalimu aulize: kwa nini watu walidhani motokaa za mbio zisingeweza?)

Haya, tuendelee. Kiwanda kingine kilichotaka ushindi huu kilikuwa Porsche, cha mji wa Stuttgart, Ujerumani. Motokaa yao mashuhuri, Porsche 911, ilionyeshwa kwa watu mara ya kwanza mwaka 1963. Injini yake imewekwa nyuma kabisa, na katika zile za zamani ilipozwa kwa hewa. Mambo haya mawili yalifaa katika njia mbaya. Uzito wa injini ulikandamiza magurudumu ya nyuma, ambayo ndiyo yasukumayo gari, nayo yakashika matope vizuri. Tena, kwa kuwa hakuna rejeta ya maji, hakuna rejeta ya kutobolewa na jiwe.

Hata hivyo tumbo lilikuwa chini. Mafundi walifanya nini? Sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye kazi yenyewe.

Katika 911 za zamani, kazi ya springi hufanywa na fimbo za chuma zinazojipinda, kama nguo ikamuliwavyo. Ncha za fimbo hizo zina meno. Fundi huichomoa fimbo, akaizungusha meno machache, akairudisha mahali pake. Gari likishuka kutoka kwenye jeki, husimama juu zaidi. Kisha fundi hufunga shokapu ndefu na zenye nguvu. Chini ya injini hufunga bamba la chuma. Ndani ya gari hujenga kizimba cha mabomba ya chuma, kiwalinde watu gari likipinduka, tena kiipe bodi nguvu. Penye maungio ya bodi huchomelea vipande zaidi, ili pasipasuke. Chujio la hewa hulikinga sana, kwa kuwa vumbi likiingia injini husaga silinda kama msasa.

Lakini kila dawa ina ukali wake, ndugu zangu. Ukiliinua gari, uzito wake nao hupanda, nalo hulala upande kwenye kona. Ekseli za magurudumu ya nyuma hazikai tena sawasawa. Hukaa kwa kupinda, na viungo vyake huchakaa upesi. Bamba la chuma hulinda injini, lakini likijaa matope huongeza uzito na huzuia hewa. Kwa hiyo fundi mwema hapandishi gari kwa kupenda sura yake. Hupima. Huongeza hapa, akapunguza pale.

Mwaka 1978 Porsche walileta 911 mbili zilizoinuliwa hata tumbo likawa sentimita 28 kutoka ardhini, karibu urefu wa rula ya mwanafunzi. Je, walishinda? La. Alishinda Jean-Pierre Nicolas wa Ufaransa kwa Peugeot 504. Porsche ya Vic Preston Mdogo wa Kenya ilikuwa ya pili. Ile ya Björn Waldegård wa Sweden ilikuwa ya nne.

Na hiyo haikuwa mara ya kwanza. Mwaka 1972 Sobiesław Zasada wa Poland alikuwa wa pili kwa Porsche. Mwaka 1974 Waldegård huyo huyo alikuwa wa pili kwa Porsche, akashindwa na Joginder Singh wa Kericho, Kenya, fundi wa magari aliyekuwa bingwa, na aliyeendesha Mitsubishi Lancer ndogo. Hesabuni wenyewe: 1972, 1974, 1978. Mara tatu Porsche ilifika ya pili. Mashindano yale ya Safari haikuyashinda kamwe.

Wahenga husema: kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Waliyojifunza katika matope ya Afrika Mashariki hayakupotea. Miaka sita baadaye, yaani mwaka 1984, Porsche walipeleka 911 katika mashindano ya kuvuka jangwa la Sahara, kutoka Paris mpaka Dakar. Gari lile liliinuliwa pia, na mara hii magurudumu yote manne yalisukuma. René Metge wa Ufaransa akashinda nalo.

Naye Waldegård? Yeye alishinda Safari mara nne kwa magari mengine: mwaka 1977 kwa Ford Escort, kisha 1984, 1986 na 1990 kwa Toyota Celica. Lakini kwa Porsche alikuwa bado na deni. Mwaka 2003, miaka 50 tangu mashindano ya kwanza, yalianzishwa mashindano mengine katika Afrika Mashariki kwa ajili ya magari ya zamani peke yake. Mwaka 2011 Waldegård alikuja kushindana. Alikuwa na umri wa miaka 68. Msoma ramani wake alikuwa mwanawe, Mathias. Motokaa yake ilikuwa Porsche 911. Akashinda. Toka alipokuwa wa pili mwaka 1974 mpaka siku hiyo ilipita miaka 37. Mzee huyo alifariki mwaka 2014, deni lake akiwa amelilipa.

Siku hizi watu wa nchi nyingi huchukua Porsche na Datsun za zamani wakaziinua, na kazi hiyo wakaiita kwa neno letu. Mwaka 2022 kiwanda cha Porsche chenyewe kilitangaza 911 mpya iliyoinuliwa tangu kiwandani, kikasema kitatengeneza 2,500 tu. Lakini wako wenye kulalamika. Husema kwamba motokaa za zamani zimebaki chache, na ukiikata bodi yake huwezi kuirudisha ilivyokuwa. Wengine hujibu kwamba gari lililofungiwa ghalani halina faida. Fundi mwenye busara hushika njia ya katikati: vipande alivyovitoa huvihifadhi, na hukata pale tu palipo na lazima.

Jambo la mwisho. Katika picha za mashindano yale twaona madereva na vikombe. Lakini mara nyingi gari likikwama, waliolitoa matopeni walikuwa watu wa vijijini, kwa mikono, kwa kamba na kwa nguvu za mabega. Majina yao hayakuandikwa. Huenda babu yako au nyanya yako alikuwa mmoja wao. Ukirudi nyumbani leo, waulize wazee. Wakikumbuka, yaandike maneno yao katika daftari lako. Sasa unajua kuandika, na historia ambayo haikuandikwa na wengine waweza kuiandika wewe.

Kwaherini, mpaka somo lijalo.

Maneno ya kusoma na kuandika: safari, bamba, ekseli, shokapu, adhabu, koleo, deni.

Maswali ya kuzungumza darasani:

1. Motokaa ya mbio ina sifa gani kwenye lami? Sifa hizo huwaje kasoro kwenye matope?

2. Mwaka 1971 na mwaka 1973 ni motokaa gani ya mbio iliyoshinda Safari?

3. Taja hasara mbili za kuliinua gari juu.

4. Toka mwaka 1974 mpaka mwaka 2011 ni miaka mingapi? Onyesha hesabu yako.

5. Wewe waonaje: gari la zamani lililo adimu likatwe na kubadilishwa, au liachwe kama lilivyo? Toa sababu.