Henza na Jarari: Kamba za Kupandishia Tanga, kutoka Kilwa hadi Ziwa Nyasa

Kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 yatofautisha kamba mbili ambazo mtu wa bara huzidhani kuwa moja. Henza ni kamba nene ishikayo foromali, yaani ule mti mrefu unaofungiwa tanga. Jarari ni kamba nyingine, ipitayo katika abedari au gofia na kuunganishwa na henza. Nayo ndiyo ivutwayo kwa mikono. Henza hubeba, jarari huvuta. Mfasiri anayeyapa maneno yote mawili neno moja la kigeni hupoteza elimu ya baharia aliyejua kwamba kazi mbili hizi hazitaki kamba ya namna moja, na kwamba siku ya kubadili kamba zilizochakaa mtu hana budi kuchagua mara mbili.

Huenda ikashangaza kwamba jambo hili lahusu Songea, mji usioiona bahari. Lakini magharibi ya Songea, ukishuka kwenda Mbamba Bay na Liuli, liko Ziwa Nyasa. Na katika karne ya 19 njia ya misafara iliyotoka Kilwa Kivinje ilipita katika nchi ya Wangoni hadi ukingo wa ziwa hilo. Katika miaka ya 1840 Salim bin Abdallah, aliyejulikana kwa cheo cha Jumbe, alifanya makao Nkhotakota, ng'ambo ya ziwa, na majahazi yake yakawa yakivusha pembe na watumwa. David Livingstone alipofika huko mwaka 1863 alikuta jahazi likiundwa, urefu wake futi 50, upana futi 12, na kina futi 5. Mbao zake zilikuwa za mti ulioitwa timbati, na mataruma yake ya msoro. Jahazi la namna ya pwani, basi, liliundwa kwa miti ya ziwani. Akaona hata yeye kwamba afadhali angefanya vivyo hivyo kuliko kusumbuka na chombo cha chuma kwenye maporomoko ya mto Shire.

Mbao zilikuwa karibu. Kamba ilikuwa jambo jingine.

Pwani, kamba ya jahazi ilikuwa ya usumba. Makumbi ya nazi huzikwa katika tope la ufuoni, mahali pajapo maji na kupwa, yakakaa huko miezi kadha. Kisha hufukuliwa, hupondwa kwa magongo, na nyuzi zake zikapotwa. Kazi hii huko Unguja hasa ni ya wanawake, nao hawatajwi katika habari za mabaharia hata kidogo. Biashara ya nyuzi hizo ni ya kale. Ibn Battuta, aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, aliziona baadaye katika visiwa vya Maldivi, akaeleza jinsi zilivyopelekwa Bara Hindi na Yemeni kushonea vyombo. Kiarabu chake chaziita qanbar, na wako wanaovutwa kulihusisha neno hilo na kamba ya Kiswahili. Mfanano ni mzuri, lakini mfanano wa sauti peke yake si ushahidi: qanbar ni nyuzi za nazi tu, na kamba ni ya nyuzi zo zote, hata za ngozi. Afadhali kusadiki neno roda, gurudumu la kapi, ambalo asili yake ya Kireno haina shaka kwa umbo wala kwa maana.

Sifa za usumba ni tatu. Ni mwepesi hata huelea, hunyumbuka, nao hustahimili maji ya chumvi kuliko nyuzi nyingi. Kwa nguvu tupu hushindwa na katani na manila, na kwa hiyo henza ya usumba lazima iwe nene. Kunyumbuka kwake, ambako fundi wa vyombo vya Ulaya angekuhesabu kuwa kasoro, kwa jahazi kulikuwa na faida: jarari hufungwa upande wa nyuma, joshini, na pamoja na kupandisha foromali huushika mlingoti usilale mbele. Dharuba ya upepo ikija, kamba inayolegea kidogo huokoa mlingoti.

Sifa ya tatu, hata hivyo, ilikoma ziwani. Wazee wa bahari walishika kwamba usumba hupata maisha kwa maji ya chumvi, na kwamba maji baridi, ya mvua au ya mto, huuozesha. Ziwa Nyasa lote ni maji baridi. Tena minazi ilikuwa Kilwa, zaidi ya kilomita 500 kutoka ziwani, na mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa ratili 60 hadi 70. Henza moja nene ingeweza kuchukua mtu mzima safari nzima, na mahali pake ingaliweza kubebwa nguo au baruti. Kwa hiyo yaelekea kwamba istilahi za pwani zilifika ziwani kwa urahisi zaidi kuliko kamba zenyewe.

Nchi ya ziwa haikukosa nyuzi. Livingstone alieleza mmea ulioitwa buaze, ambao wenyeji walifanya nyavu kwa nyuzi zake zilizofanana na kitani. Na magome ya miyombo na mibuyu yalitoa kamba za kila siku. Lakini kamba ya gome, nzuri kwa mzigo na kwa paa la nyumba, huvimba ikilowa na kukwaruzika inapopita katika kapi. Hapo ndipo hatari ilipo. Kati ya Mei na Agosti huvuma ziwani upepo wa kusini uitwao mwera, nao huinua mawimbi mafupi yaliyosimama wima. Nahodha hana budi kushusha tanga mara moja, na jarari iliyovimba ikakwama humwacha na tanga juu. Ukali wa ziwa hili ulidhihirika tarehe 2 Septemba 1895, Askofu Chauncy Maples alipokufa maji usiku, mashua yake ya tanga ilipozama katika dhoruba.

Mwaka 1893 Richard Hindorf aliingiza mkonge katika Afrika Mashariki ya Kijerumani. Miche 62 tu ilifika hai. Kufikia mwaka 1964 Tanganyika ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 200,000 za nyuzi kwa mwaka, na neno katani, ambalo kwa Kiarabu ni kitani, lilikuwa limehamia kwenye nyuzi za mkonge. Kamba hii ilikuwa rahisi kupatikana, ila ni ngumu mkononi, huvimba, na huoza upesi ikiwekwa mbichi.

Manila halisi, ya mgomba wa Ufilipino, ilikuwa bora kuliko zote hizo, na jina lake ndilo lililodumu. Siku hizi mtu akiingia duka la Songea na kuuliza kamba ya manila, hupewa kamba ya plastiki. Jina la nyuzi limekuwa jina la umbo. Nailoni, iliyotangazwa Marekani mwaka 1938, ina nguvu nyingi lakini hunyumbuka, na foromali inayoninginia kwayo hushuka polepole. Poliesta, iliyovumbuliwa Uingereza mwaka 1941, hunyumbuka kidogo tu, nayo ndiyo ifaayo kwa henza. Ile ya bei nafuu, ya polipropilini, huelea kama usumba, lakini jua huila na msuguano wa kapi huiyeyusha. Zote tatu zaweza kuuzwa kwa jina moja la manila. Mnunuzi anayejua bado kwamba henza si jarari atauliza kwanza kamba ipi hunyumbuka; asiyejua atauliza bei.