Nomino za kiume na za kike katika Kiingereza

Nomino za kiume na za kike katika Kiingereza ni majina yanayobainisha jinsi ya mtu au mnyama. Hubainishwa kwa njia tatu: kwa maneno mawili tofauti, kama “bull” (fahali) na “cow” (ng'ombe jike), kwa kiambishi tamati, kama “prince” na “princess”, au kwa kutanguliza neno la jinsi, kama “he-goat” (beberu).

Historia. Kiingereza cha kale kilikuwa na jinsi tatu za kisarufi, hata kwa visivyo na uhai: jua lilikuwa la kike, mwezi wa kiume. Mfumo huo ulitoweka kabla ya mwaka 1400. Kiambishi “-ess” kilitoka katika Kifaransa, baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066. Kwa kawaida umbo la kike hutokana na la kiume, lakini “widower” (mgane) limetokana na “widow” (mjane).

Katika West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda. Kilugbara, lugha inayozungumzwa sana Arua na kitongoji chake cha Onduparaka, hakina jinsi ya kisarufi. “Eri” ni mwanamume au mwanamke, sawa na “yeye” ya Kiswahili. Inapobidi kubainisha, hutajwa “agupi” (mwanamume) au “oku” (mwanamke). Kinubi nacho, ingawa kimetokana na Kiarabu, kimeziacha jinsi za Kiarabu. Mambo ni mengine wilayani Koboko: Kikakwa, ndugu wa Kibari cha Sudan Kusini, hutenga nomino za kiume kwa “lo” na za kike kwa “na”.

Kwa hiyo kinachomsumbua mwanafunzi Mlugbara wa Kiingereza si jozi za majina, ambazo hukaririwa kama msamiati wowote, bali kiwakilishi. Mamaye huandikwa “he” kwa urahisi, kwa kuwa kuchagua kati ya “he” na “she” katika kila sentensi ni kazi ambayo lugha yake haimdai.

Matumizi ya sasa. Kiingereza chenyewe kinapunguza jozi hizo: hata mwigizaji wa kike sasa huitwa “actor”, na Katiba ya Uganda ya 1995 hutumia “chairperson” kwa mwenyekiti wa jinsi yoyote. Katiba hiyo hiyo, inapotenga kiti cha mbunge mwanamke kwa kila wilaya, huongeza “woman” mbele ya “representative”: jinsi hutajwa kwa neno lake, kama Walugbara wanavyofanya kwa “oku”.