Nani Amtafutie Mwanafunzi Karakana? Historia ya Mafunzo ya Mapema ya Kazini katika Uhandisi

Mjadala kuhusu wahandisi vijana katika Afrika Mashariki aghalabu huanzia mwishoni mwa safari, kwa mhitimu anayelaumiwa kuwa ana shahada lakini hana ujuzi. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hutajwa kwa nadra. Akipata nafasi kiwandani mapema, husifiwa kwa bidii yake au huonewa wivu kwa bahati yake. Historia ya mafunzo haya inaelekeza macho kwingine: pale yalipoasisiwa kwa mafanikio, mwanafunzi hakuachiwa peke yake kazi ya kutafuta nafasi.

Chimbuko linalojulikana zaidi ni Chuo Kikuu cha Cincinnati, nchini Marekani. Herman Schneider, mhandisi aliyewahi kufundisha katika Chuo Kikuu cha Lehigh, Pennsylvania, alikuwa ameona kwamba wengi wa wahitimu waliofanya vizuri kazini walikuwa wamefanya kazi wakingali wanasoma. Alihamia Cincinnati mwaka 1903, mji uliokuwa na viwanda vingi vya kutengeneza mashine, na Septemba 1906 akaanza jaribio lake akiwa na wanafunzi 27. Baraza la chuo liliridhia kwa shingo upande: liliruhusu mwaka mmoja wa majaribio, na likatahadharisha kwamba mpango ukishindwa, lawama isiletwe kwake.

Utaratibu wenyewe ulikuwa rahisi kuueleza na mgumu kuuendesha. Wanafunzi waligawanywa wawili wawili. Wiki moja mmoja alikuwa darasani na mwenzake karakanani. Wiki iliyofuata walibadilishana. Kwa njia hiyo mwajiri hakupata mgeni wa muda, bali nafasi moja ya kazi iliyojazwa mwaka mzima. Mwanafunzi alianzia kazi za chini, akapanda hatua kwa hatua, na alilipwa ujira. Kozi ilichukua miaka sita badala ya minne, gharama ambayo watetezi wa mpango huu wa leo hupenda kuisahau.

Kiungo kilichoushikilia mpango kilikuwa mratibu. Huyu alikuwa mtu wa chuo mwenye mguu mmoja kiwandani: alikwenda karakanani kuona mwanafunzi anafanya nini, kisha akarudi darasani kuihusisha kazi hiyo na hisabati na fizikia aliyokuwa akifundishwa. Makubaliano yalikuwa kati ya chuo na kiwanda. Hivyo nafasi haikuwa hisani kwa mtoto wa fulani. Si kwamba mpango haukuwa na kasoro. Uliwategemea mno waajiri, na mdororo wa uchumi wa miaka ya 1930 ulidhihirisha kwamba kiwanda kisicho na kazi hakina pia pa kumweka mwanafunzi. Hata hivyo wazo lilienea, na mwaka 1957 Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, kilianza masomo yake ya uhandisi kwa mpango wa namna hiyo tangu siku ya kwanza.

Dar es Salaam ilifika mahali panapokaribiana na hapo kwa njia yake. Kitivo cha Uhandisi cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilifunguliwa mwaka 1973 kwa msaada wa Ujerumani Magharibi, na mafunzo kwa vitendo viwandani yakawa sehemu ya shahada, yakifanyika wakati wa likizo ndefu. Mwaka uliofuata, Azimio la Musoma lilitaka waombaji wa chuo kikuu wawe kwanza wamefanya kazi kwa angalau miaka miwili. Shabaha ya Azimio ilikuwa ya kisiasa zaidi kuliko ya kiufundi, lakini lilileta darasani watu waliokwisha kuonja nidhamu ya kazi. Jambo zito zaidi ni kwamba, baada ya Azimio la Arusha la 1967, sehemu kubwa ya viwanda ilikuwa mikononi mwa mashirika ya umma. Dola ndiyo iliyosomesha, na dola hiyohiyo ndiyo iliyomiliki karakana. Kumpangia mwanafunzi nafasi lilikuwa suala la ofisi mbili za mwenye mali mmoja.

Ubinafsishaji wa miaka ya 1990 ulivunja uhusiano huo. Viwanda vingine viliuzwa, vingine vikafungwa. Sharti la mafunzo likabaki katika mitaala. Sharti lilipobaki bila mwenye kulitekeleza, pengo lilizibwa na kujuana. Mwanafunzi mwenye mjomba katika kampuni ya ujenzi hupata nafasi kabla ya mitihani kwisha. Mwenzake aliyetoka kijijini huzunguka na bahasha ya kaki hadi likizo inakaribia ukingoni.

Kenya ilichukua njia ya sheria na tozo. Sheria ya mafunzo ya viwandani ya mwaka 1959, iliyolenga zaidi wanagenzi, ilirekebishwa mwaka 2011 na kuunda mamlaka ya kitaifa inayokusanya tozo kutoka kwa waajiri na kuratibu pia mafunzo ya wanafunzi viwandani. Huu ni msingi imara kuliko kutegemea hisani. Lakini kwa mwanafunzi wa uhandisi nafasi hiyo aghalabu huja katika miaka ya mwisho ya masomo, wakati mazoea ya kusoma kwa ajili ya mtihani yamekwisha kukomaa.

Kwa mshauri wa sera, tofauti inayostahili kupimwa imo katika mfuatano wa ziara. Katika vyuo vingi vya ukanda huu mwanafunzi hupewa barua ya utambulisho isiyomtaja mwajiri yeyote, na mhadhiri humfuata kiwandani baadaye, akiwa amekwisha kupata nafasi, ili ampe alama. Kule Cincinnati mtu wa chuo alitangulia kufika kiwandani, na nafasi ikawapo kabla ya jina la mwanafunzi kujulikana.