Urushaji mubashara wa video kwenye simu

Urushaji mubashara wa video kwenye simu ni upelekaji wa picha na sauti kwa watazamaji wakati tukio likiendelea. Video hubanwa, hukatwa vipande vya sekunde chache, na kila kipande huwekwa kwenye seva katika viwango kadhaa vya ubora. Simu ya mtazamaji hupima kasi ya mtandao, kisha huomba kipande kinachofuata kwa kiwango inachokimudu. Utaratibu huu ulipata nguvu Apple ilipotoa itifaki yake ya HLS mwaka 2009. Itifaki nyingine ya aina hiyo, MPEG-DASH, ilifuata mwaka 2012.

Milima ya Upare nchini Tanzania huuweka utaratibu huo kwenye mtihani mgumu. Safu hiyo, inayofikia mita 2,462 kwenye kilele cha Shengena wilayani Same, hukinga mawimbi ya redio, hivyo kijiji kinachouona mnara wa simu hutazama vizuri na kilichojificha nyuma ya mlima hukwama. Mazishi yanayorushwa kutoka Mbaga, kwenye milima hiyo, kwa ndugu walioko Dar es Salaam hutegemea kwanza kasi ya kupakia. Hapo ndipo penye udhaifu mkubwa: mtazamaji anaweza kupunguziwa ubora, lakini picha ambayo haikufika kwenye seva haina wa kuirudisha. Ni busara mrushaji kuanza na kilobiti 400 kwa sekunde, ambazo kwa saa moja hula takriban megabaiti 180 za bando.

Simu ya mtazamaji pia hutunza akiba ya vipande ili video isigande. Vipande vitatu vya sekunde 6 humchelewesha mtazamaji kwa sekunde 18 hivi.