Tumsifu Yesu Kristo. Bwana Yesu asifiwe: salamu za waumini

Hizi ni salamu mbili zilizozoeleka mno miongoni mwa Wakristo wa Tanzania na Kenya. Ya kwanza ni ya Wakatoliki. Kiitikio chake ni *Milele na milele, amina*, aghalabu hufupishwa kuwa *Milele amina*. Ya pili ni ya Walutheri, Waanglikana, Wapentekoste na wengineo, nayo huitikiwa *Amina*. Hufupishwa kuwa *Bwana asifiwe*.

Wanafunzi huuliza kwa nini kitenzi kimoja kiishie kwa *-u* na kingine kwa *-e*, ilhali vyote viwili vimo katika dhamira tegemezi. *Sifu* ni kitenzi chenye asili ya Kiarabu, na irabu yake ya mwisho haibadiliki: *tumsifu*, kamwe si *\*tumsife*. Kikinyambuliwa katika kauli ya kutendwa, huwa *sifiwa*, chenye kuishia kwa *-a*. Hapo *-e* hupata nafasi: *asifiwe*.

Tofauti ya kauli ina uzito kuliko tofauti ya irabu. *Bwana Yesu asifiwe* haimtaji anayesifu. *Tumsifu* humtaja: kiambishi *tu-* humjumuisha msemaji na anayesalimiwa, hata kama hawajapata kuonana. Salamu ya Kilatini inayolingana nayo, *Laudetur Jesus Christus*, imo katika kauli ya kutendwa, kwa hiyo kimuundo inakaribiana zaidi na salamu ya Waprotestanti. Linganisha pia *Tukutendereza*, neno la Kiganda lililoenea pamoja na Uamsho wa Afrika Mashariki tangu miaka ya 1930. Humo *-ku-* humwelekea Yesu mwenyewe: twakusifu wewe. Katika *tumsifu*, *-m-* humtaja Yesu kama nafsi ya tatu, kwa kuwa anayeelekewa ni mwenzako aliye mbele yako. (Uamsho huohuo ndio uliotupatia *mlokole*, kutoka Kiganda *mulokole*, yaani aliyeokoka.)

Kiitikio ni sehemu ya salamu. Kunyamaza baada ya *Tumsifu Yesu Kristo* ni sawa na kumwacha mtu mlangoni na *hodi* yake. Kwa sababu hiyo mfasiri asiigeuze kuwa amri wala mshangao. Wahusika wakikutana kituo cha basi na kusalimiana hivyo, wanasalimiana, hawahubiri. Alama ya mshangao, kwa maoni yangu, huiharibu.

Salamu hizi huunganisha, lakini pia hubainisha madhehebu, na hapo ndipo watafsiri wengi hujikwaa. Padri wa riwaya akiingizwa ukumbini na *Bwana Yesu asifiwe*, msomaji wa Moshi au Songea atashtuka mara moja, ingawa salamu hiyo husikika pia katika vikundi vya Karismatiki Katoliki. Kwenye msiba au harusi yenye watu mchanganyiko, msemaji mwenye adabu huanza na zote mbili, akaongeza *Asalaam aleikum*, na kungoja kila kundi liitikie kabla ya kuendelea. Kuruka moja ni kuwaacha baadhi ya waliohudhuria nje ya mazungumzo.

*Shalom*, inayopendwa na vijana na Wapentekoste, huitikiwa *Shalom*. Ni Kiebrania, na mzizi wake ni ndugu wa mzizi wa Kiarabu uliotupa *salamu*, *salama* na *salimu*.

Katika nyaraka za Agano Jipya waumini huagizwa wasalimiane kwa *busu takatifu* (Warumi 16:16), na katika 1 Petro 5:14 kwa busu la upendo. *Busu* ni ngeli ya LI-YA: *busu takatifu*, *mabusu matakatifu*. Katika ibada zetu tendo lenyewe limekuwa kupeana mikono, nalo huitwa *kutakiana amani*. Kiambishi *-an-* hakina budi kubaki: *mtakiane amani*. Ukisema *mtakie amani*, umemwagiza mmoja amtakie mwingine, na habari ya kurudishiwa imepotea.

*Mpendwa* (wingi *wapendwa*) ni mwito unaofuata salamu: *Bwana asifiwe, wapendwa*. Kimaumbo ni mtu anayependwa, bila kutajwa nani ampendaye. Tanzania neno hili limepata maana ya pili, yaani Mkristo aliyeokoka: *Yule dada ni mpendwa*. Mfasiri akilichukua hapo kuwa ni neno la mahaba, atakuwa ameandika hadithi nyingine kabisa.