Mbaraka Mwinshehe

Mbaraka Mwinshehe Mwaruka (27 Juni 1944 – Januari 1979) alikuwa mpiga gitaa la solo, mwimbaji na mtunzi wa muziki wa dansi kutoka nchini Tanzania. Alipata jina akiwa na Morogoro Jazz Band, aliyojiunga nayo mwaka 1965, na baadaye akiwa na Orchestra Super Volcano, aliyoianzisha mwenyewe mwaka 1973. Wapenzi wa muziki walimpa jina la "Soloist National", yaani mpiga solo wa taifa zima. Alifariki kwa ajali ya gari mjini Mombasa, Kenya, akiwa na umri wa miaka 34. Baadhi ya nyimbo zake zinazojulikana zaidi ni "Shida", "Jogoo la Shamba", "Masimango", "Mtaa wa Saba" na "Pesa".

Asili

Mbaraka alizaliwa katika kijiji cha Mzenga, wilayani Kisarawe, wakati Tanganyika ikiwa bado chini ya utawala wa Waingereza. Leo Mzenga imo katika Mkoa wa Pwani, mkoa huohuo wenye Mkuranga, Kibiti, Rufiji na kisiwa cha Mafia. Kwa hiyo, ingawa watu wengi humhesabu kuwa mtu wa Morogoro kwa sababu ya bendi zake, kwa kuzaliwa ni mtoto wa Pwani. Reli ya TAZARA, iliyojengwa katika miaka ya 1970, ilikuja kupita Mzenga, lakini wakati wa utoto wake hapakuwa na reli wala ukumbi wa dansi. Kijana aliyetaka kupiga gitaa la umeme alipaswa kwenda mjini.

Morogoro na bendi zake

Mji aliokwenda kupatia jina haukuwa Dar es Salaam bali Morogoro. Mji huo ulikuwa kwenye Reli ya Kati, umezungukwa na mashamba ya mkonge yenye wafanyakazi waliolipwa mshahara, na ulikuwa na bendi mbili kubwa zilizoshindana. Moja ilikuwa Cuban Marimba Band ya Salum Abdallah, ambaye tangu miaka ya 1950 alikuwa ameipa rumba ya Kuba maneno ya Kiswahili, na nyimbo zake zilitolewa katika santuri za kampuni ya Mzuri ya Mombasa. Nyingine ilikuwa Morogoro Jazz Band, iliyoanzishwa mwaka 1944, mwaka uleule aliozaliwa Mbaraka.

Neno "jazz" katika majina ya bendi za wakati huo lisimpoteze msomaji. Halikuhusu muziki wa Wamarekani Weusi unaoitwa hivyo. Lilimaanisha tu bendi ya kisasa yenye magitaa, ngoma za tumba na mara nyingi saksafoni, tofauti na ngoma za jadi, taarabu au beni. Dar es Salaam Jazz Band ilikuwapo tangu mwaka 1932, na baadaye zikaja Tabora Jazz, Western Jazz, Kilwa Jazz na nyingine nyingi.

Nyingi za bendi hizo zilikuwa vyama. Chama kilikuwa na wanachama, viongozi na mfuko wake, na muhimu zaidi, chama ndicho kilichomiliki vyombo. Kijana mwenye kipaji aliweza kujiunga bila kuwa na gitaa wala amplifaya, na hilo lilikuwa jambo jema sana, maana vyombo vya umeme viliagizwa nje na bei yake ilikuwa mbali na uwezo wa mtu wa kawaida. Ubaya wake ulionekana siku ya kuondoka, kwa sababu mpigaji, hata awe maarufu namna gani, alitoka mikono mitupu. Tangu miaka ya 1960 ukatokea pia mpango wa pili, ambapo bendi ilimilikiwa na taasisi na wanamuziki wakalipwa mshahara. Mfano wake ni NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Huko nako vyombo havikuwa vya wanamuziki.

Mbaraka aliingia Morogoro Jazz mwaka 1965. Mwaka huohuo Salum Abdallah alifariki kwa ajali ya gari. Cuban Marimba iliendelea chini ya Juma Kilaza, na ushindani wa bendi hizo mbili haukufa, lakini mji ulikuwa umempoteza nyota wake mkuu. Katika miaka michache iliyofuata nafasi hiyo ilichukuliwa na mpiga solo wa Morogoro Jazz.

Upigaji wake

Katika bendi ya dansi ya Tanzania ya wakati huo, magitaa yaligawana kazi. Gitaa la besi na tumba zilishika mwendo. Gitaa la ridhimu lilirudia mapigo yaleyale bila kuchoka. Mara nyingi palikuwa na solo ya pili iliyojaza nafasi katikati, na juu ya yote lilikuwa gitaa la solo, lililojibizana na mwimbaji. Wimbo ulianza polepole ili maneno yasikike, kisha ukafika sehemu ya "chemko", ambapo mwendo uliongezeka, sauti za waimbaji zikapungua na magitaa yakaachiwa uwanja. Mtu aliyekuja kucheza alisubiri chemko, na hapo ndipo mpiga solo alipopimwa.

Mbaraka alikuwa mwimbaji na mpiga solo kwa pamoja, mzigo ambao si wanamuziki wengi waliuweza. Katika upigaji wake husikika rumba ya Kuba na ile ya Kongo, iliyokuwa ikivuma Afrika Mashariki yote, lakini solo zake hazikuwa nakala. Nota zake ni chache kuliko za Wakongo wengi wa wakati wake, kila moja inasikika wazi, na gitaa mara nyingi huchukua tuni aliyoiimba mwenyewe muda mfupi kabla na kuigeuza kidogo. Anayetaka kujifunza jambo hili asikilize "Shida" mara mbili: mara ya kwanza afuate maneno, mara ya pili afuate gitaa peke yake.

Kila bendi ilikuwa pia na "mtindo", yaani jina la mchezo na mapigo yaliyoitambulisha kwa wapenzi wake, kama Msondo kwa NUTA Jazz. Morogoro Jazz ilijulikana kwa Sululu, na baadaye Super Volcano kwa Masika.

Maneno ya nyimbo zake yalikuwa ya maisha ya kila siku: mapenzi, fedha, masimango, taabu za mjini. "Jogoo la Shamba" umechukua jina lake kutoka katika methali inayofahamika na kila mwanafunzi. Aliimba pia habari za taifa. Dkt. Wilbert Klerruu, mkuu wa Mkoa wa Iringa, alipouawa huko Ismani siku ya Krismasi ya mwaka 1971 katika mgogoro uliohusu sera ya ujamaa vijijini, Mbaraka alimwimbia wimbo wa maombolezo unaojulikana kama "Dr. Kleruu". Wimbo huo hutumika hadi leo kama kumbukumbu ya tukio lile, na yaelekea umelifikisha kwa watu wengi kuliko vitabu vya historia.

Osaka, 1970

Mwaka 1970 Mbaraka na Morogoro Jazz walikwenda Japani kupiga muziki katika maonyesho ya dunia ya Expo 70 mjini Osaka, ambako Tanzania ilikuwa na banda lake. Maonyesho hayo yalifanyika kuanzia Machi hadi Septemba, na yalikuwa ya kwanza ya aina yake kufanyika katika bara la Asia. Kwa bendi ya mji wa mkoani, isiyokuwa hata ya makao makuu ya nchi, safari hiyo ilikuwa heshima kubwa.

Hata hivyo haikuwa ziara ya kibiashara. Bendi ilisafiri kama sehemu ya ujumbe wa nchi, si kwa mkataba wa kampuni ya muziki. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa Afro 70 ya Patrick Balisidya, iliyoiwakilisha Tanzania katika tamasha la FESTAC mjini Lagos mwaka 1977. Mwanamuziki wa bendi ya Tanzania kualikwa Ulaya kwa mizunguko ya matamasha, na kurekodi hukohuko kwa soko la huko, ni jambo lililoonekana baada ya kifo cha Mbaraka, kama pale Remmy Ongala na Super Matimila walipozunguka na WOMAD mwishoni mwa miaka ya 1980 na kurekodi katika studio za Real World nchini Uingereza.

Super Volcano na santuri za Nairobi

Mwaka 1973 Mbaraka aliondoka Morogoro Jazz na kuanzisha Orchestra Super Volcano. Kwa desturi ya vyama iliyoelezwa hapo juu, hatua hiyo ilikuwa ya ujasiri: aliacha bendi yenye umri wa karibu miaka 30, yenye vyombo na wapenzi wake, akaanza upya kwa jina lake mwenyewe. Wapenzi walimfuata yeye. Morogoro Jazz haikupata tena umaarufu iliokuwa nao wakati wake.

Kikwazo kikubwa zaidi kilikuwa santuri. Tanzania haikuwa na kiwanda cha kuzitengeneza. Bendi zilirekodi katika studio ya Radio Tanzania Dar es Salaam, ambako malipo yalikuwa madogo na ya mara moja, na wimbo ukabaki kwenye kanda ya redio. Ulisikika nchi nzima lakini hakuna aliyeweza kuununua dukani. Aliyetaka santuri alifuata kampuni za Nairobi. Huko ndiko nyimbo za Mbaraka zilikotolewa na Polygram, kwa lebo ya Polydor, katika santuri ndogo za nyimbo mbili. Upande mmoja haukutosha wimbo mrefu wa dansi, ndiyo sababu baadhi ya nyimbo zake zina namba, kama "Pesa No. 1" na "Pesa No. 2".

Santuri hizo zilimfanya ajulikane Kenya sawa na nyumbani, na "Shida" ndiyo iliyovuma kupita zote. Wanamuziki wengine walijibu tatizo hilohilo kwa kuhama moja kwa moja. Ndugu Wilson na George Kinyonga, waliotoka Tanga, walihamia Kenya na kuanzisha Simba Wanyika mwaka 1971. Mbaraka alibaki na makao yake Tanzania, akawa mtu wa kwenda na kurudi. Njia hiyo ilikuwa ngumu zaidi baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika mwaka 1977 na mpaka wa Tanzania na Kenya kufungwa. Haukufunguliwa tena hadi mwaka 1983.

Wasikilizaji wa Pwani ya kusini

Umaarufu wa Mbaraka nchini hauwezi kuelezwa kwa santuri peke yake, wala kwa kumbi. Katika miaka hiyo barabara ya kusini kutoka Dar es Salaam, baada ya Kibiti na Ikwiriri, ilikatizwa na Mto Rufiji. Magari yalivushwa kwa kivuko cha Ndundu, na wakati wa mvua msafiri aliweza kusubiri siku kadhaa. Hali hiyo iliendelea hadi Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003. Vijiji vya delta yenyewe, kati ya mikoko, vilifikiwa kwa mtumbwi na jahazi. Bendi yenye amplifaya, tumba na jenereta haikuweza kuvizoea vituo kama hivyo. Redio ya betri iliweza. Kwa msikilizaji wa huko, kama kwa wa vijiji vingi vya Tanzania, kanda ileile ya Radio Tanzania iliyomlipa mwanamuziki kidogo ndiyo iliyomleta hadi barazani.

Kifo

Mbaraka Mwinshehe alifariki Januari 1979 kwa ajali ya gari mjini Mombasa, alikokuwa kwa shughuli za muziki. Mpaka ulikuwa bado umefungwa, na Tanzania ilikuwa katika vita na Uganda ya Idi Amin. Kama Salum Abdallah kabla yake, alikufa barabarani katika kilele cha jina lake. Super Volcano haikuweza kuendelea kwa nguvu ileile bila yeye, jambo la kutarajiwa kwa bendi iliyojengwa juu ya sauti na gitaa la mtu mmoja.

Baada yake

Katika miaka ya 1980 Polygram ya Kenya ilikusanya nyimbo zake na kuzitoa katika mfululizo wa santuri kubwa ulioitwa Ukumbusho. Kwa kizazi kilichozaliwa baada ya mwaka 1979, mfululizo huo na vipindi vya "zilipendwa" redioni ndivyo vilivyomtambulisha.

Suala la nani anafaidika na nyimbo hizo ni jingine. Mbaraka aliishi chini ya sheria ya hakimiliki ya mwaka 1966, lakini hapakuwa na chombo cha kukusanya mirabaha kwa niaba ya wanamuziki. Chama cha Hakimiliki Tanzania (COSOTA) kilitokana na sheria ya mwaka 1999, miaka 20 baada ya kifo chake. Kanda za zamani za Radio Tanzania zimerithiwa na Shirika la Utangazaji Tanzania (TBC). Ni hazina kubwa ya muziki wa dansi wa miaka ya 1960 na 1970, lakini kanda za sumaku huharibika kwa joto na unyevu, na kazi ya kuzihamishia katika mfumo wa dijitali imekuwa ikizungumzwa kwa muda mrefu kuliko inavyotekelezwa.